SARAFU ZA KALE NA HILA ZA WALAGHAI

Katika nyumba nyingi za Migori na Homa Bay zimo sarafu za zamani zilizoachwa na wazee: shilingi zenye picha ya simba, na senti kumi zenye tundu ambazo Wajaluo waliziita otonglo. Sarafu hizi ni ukumbusho mwema, lakini walaghai wamezifanya chambo. Wako wanaodai kuwa watazinunua kwa mamilioni, na wako wanaoziuza kwa bei kubwa wakiahidi kwamba thamani yake itaongezeka kila mwaka. Mtu akiuza ng'ombe wake au kutoa karo ya watoto kwa kuwaamini, hasara ni yake. Basi yafaa kila mtu ajue mambo haya.

Kwanza, ukongwe peke yake hauleti thamani. Bei ya sarafu hutokana na uchache wake, hali yake, na madini yaliyomo. Shilingi za Afrika Mashariki zilizopigwa tangu mwaka 1921 mpaka 1946 zina uzito wa gramu 7.8 hivi, na robo tu ya uzito huo ni madini ya fedha, yaani haifiki gramu 2. Zile zilizopigwa tangu 1948 hazina madini hayo kabisa. Ni shaba na nikeli. Tena, senti kumi ya mwaka 1936 ina jina la Mfalme Edward VIII, aliyejiuzulu mwaka uo huo, na kwa hiyo wengi hudhani kuwa ni adimu. Kumbe zilipigwa kwa mamilioni, nazo hupatikana kwa bei ndogo.

Pili, ijulikane hila yenyewe. Mlaghai huomba picha ya sarafu kwa simu, huisifu sana, kisha hutaja tajiri wa ng'ambo aliye tayari kuinunua. Baadaye hudai ada ya usajili, ya ukaguzi, au ya usafirishaji. Akilipwa, huzuka ada nyingine, na mwisho simu yake haipatikani. Mnunuzi wa haki hutoa fedha, haombi fedha.

Tatu, katika nchi ya Macalder na Nyatike, ambako dhahabu huchimbwa, ni rahisi mtu kusadiki habari za sarafu ya dhahabu. Lakini dhahabu safi ni nzito zaidi ya mara mbili kuliko shaba ya manjano ya ukubwa ule ule. Asiyekubali sarafu yake iwekwe kwenye mizani mbele ya mjuzi, hafai kuaminiwa.

Nne, kwa Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, kama rupia ya Mombasa ya 1888, huhesabiwa kuwa vya kale, wala havitolewi nchini bila kibali. Anayeshauri vivushwe Isebania kwa siri anamtia mwenzake hatiani.

Aliyekwisha kudanganywa asione haya. Asifute ujumbe wala risiti za M-Pesa, bali aarifu kampuni ya simu mara moja, kisha aende kituo cha polisi. Na asiyedanganywa bado akumbuke kwamba tamaa mbele, mauti nyuma.