Baridi ya Nyanda za Juu, Nyumba ya Mbao na Jiko la Mkaa: Somo la Usalama wa Mtoto Mdogo Safarini

Lengo la somo

Familia nyingi hupenda kwenda mapumzikoni katika Nyanda za Juu Kusini. Baadhi hupanda uwanda wa Kitulo, hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2005 na inayosifika kwa maua yake ya msimu wa mvua hata ikaitwa Bustani ya Mungu. Wengine hulala katika nyumba za mbao karibu na misitu na mashamba ya chai ya Mufindi, mkoani Iringa. Wengine huteremka kutoka Iringa mjini hadi Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, kutazama tembo na twiga. Mtoto hunufaika na safari hizo kama wazazi wake. Hata hivyo, nyumba iliyo mbali na makazi huwa pia mbali na zahanati, na hatari ambayo mjini ingegunduliwa mapema yaweza kufichwa huko na usiku, baridi na umbali.

Somo hili linamhusu mtoto wa mwaka 1 hadi 3. Umri huo mtoto ameanza kutembea, hushika kila akionacho na kukitia mdomoni, lakini hana bado maneno ya kueleza kinachomuuma. Baada ya kulisoma, mzazi ataweza kupanga malazi salama ya usiku wa baridi, na mtumishi wa afya ataweza kuitambua sumu ya hewa ya mkaa na kutoichanganya na malaria au ugonjwa wa tumbo.

Mwinuko na baridi

Hali ya hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Familia inayotoka Chimala, ukingoni mwa tambarare ya Usangu, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, na kupanda barabara ya kona nyingi kupitia Matamba hadi Kitulo, kwenye takriban mita 2,600, hupita tofauti ya nyuzi 9 hivi katika safari ya saa chache. Mtoto aliyevaa fulana nyepesi wakati wa kuondoka huhitaji sweta, soksi na kofia wakati wa kufika. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ndiyo yenye baridi kali zaidi, na katika maeneo ya juu sakitu huonekana juu ya nyasi asubuhi.

Mtoto mdogo hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima, kwa kuwa ngozi yake ni nyingi ikilinganishwa na uzito wake. Nepi iliyolowa au nguo yenye umande humwongezea upotevu huo. Mtoto aliyepoa mno hutetemeka, kisha huzubaa na kulegea. Akifikia hatua ya kuacha kutetemeka huku akiwa mzito wa kuamka, hali yake imekuwa ya dharura.

Hofu ya baridi hiyo ndiyo inayowasukuma wazazi kuingiza jiko la mkaa chumbani, na hapo ndipo hatari kubwa ya somo hili inapoanzia.

Kwa nini mkaa ni hatari

Mkaa unapoungua bila hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho au koo. Watu wengi hudhani kwamba mkaa uliokwisha kukolea, usiotoa tena moshi, hauna madhara. Dhana hiyo si sahihi. Moshi huonekana na hukohoza, hivyo humwonya mtu atoke nje. Kaboni monoksidi haimwonyi mtu yeyote, na makaa mekundu yasiyo na moshi huendelea kuitoa hadi yazimike kabisa.

Ikivutwa, hewa hiyo hujishika na himoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Mshiko wake una nguvu mara 200 na zaidi kuliko ule wa oksijeni. Damu huendelea kuzunguka, lakini oksijeni inayofika kwenye ubongo na moyo hupungua. Mtoto huathirika mapema kwa sababu hupumua kwa kasi na mwili wake huhitaji oksijeni nyingi kwa kila kilo ya uzito. Chumba kimoja, usiku mmoja na jiko moja vyaweza kumlegeza mtoto wakati watu wazima wakihisi maumivu ya kichwa tu.

Aina ya nyumba nayo ina uzito wake. Nyumba ya kale yenye paa la nyasi ilikuwa na mianya mingi ya kupitisha hewa. Nyumba ya mapumziko iliyojengwa kwa mbao zilizobanana, yenye dari, vioo na mlango unaoziba barabara, huhifadhi joto vizuri. Kwa sababu hiyohiyo huhifadhi na sumu. Wako wanaoamini kwamba beseni la maji likiwekwa chumbani hunyonya sumu hiyo. Maji hayaiondoi. Dirisha lililofunguliwa kidogo pia si kinga ya kutegemewa kwa watu waliolala.

Njia salama za kumtia mtoto joto

Kanuni ya kwanza haina upungufu: jiko la mkaa, jiko la kuni lisilo na dohani na jenereta havilali ndani pamoja na watu. Jenereta huwekwa nje, mbali na madirisha. Familia isilale ndani ya gari lenye injini inayounguruma ili kupata joto.

Penye meko yenye dohani, wazazi wamuulize mwenyeji kama dohani imesafishwa na kama moshi unatoka vizuri. Ni bora chumba kipashwe joto jioni, na moto uzimwe kabisa kabla ya watu kulala.

Mtoto avalishwe nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, badala ya koti moja zito. Mpango mzuri ni kumwongezea vazi moja kuliko yale anayoyahitaji mtu mzima aliye chumbani humo. Abadilishwe nepi na nguo zenye unyevu kabla ya kulala. Apewe uji wa moto au chakula kingine cha kutosha jioni, kwa maana mwili hautengenezi joto bila chakula. Chupa ya maji ya moto yaweza kutumika kupasha kitanda, lakini iondolewe kabla mtoto hajawekwa, kwa kuwa ngozi yake huungua upesi. Mtoto aliyekwisha kupoa avuliwe nguo zilizolowa, akumbatiwe kifuani kwa mzazi, ngozi kwa ngozi, na wote wawili wafunikwe blanketi.

Akiungua kwa jiko, chai au sufuria, sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, huku mwili uliobaki ukifunikwa ili asipoe. Dawa ya meno, asali, majivu na mafuta visipakwe.

Mfano wa kujadili

Uchukuliwe mfano huu wa kubuni. Baba, mama, bibi na mtoto wa miezi 22 wanalala katika nyumba ya mbao huko Kitulo mwezi Julai. Saa 2 usiku, baada ya kupika, jiko la mkaa linaingizwa ndani. Madirisha yamefungwa, na kitambaa kimewekwa chini ya mlango kuzuia upepo. Saa 10 alfajiri mtoto analia, anatapika mara mbili, kisha analegea. Mama anaumwa kichwa; bibi anasimama na kupepesuka. Wanatoka nje na kuanza safari ya kwenda zahanati. Njiani mama anahisi kichwa kikipungua.

Zahanati inampima mtoto. Hana homa. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi vimelea. Oksimita ya kidoleni inasoma asilimia 98. Mtumishi wa afya anaelekea kuandika kwamba mtoto amechafuka tumbo.

Mambo manne yanapinga uamuzi huo. La kwanza, watu watatu wa chumba kimoja wameugua kwa wakati mmoja. La pili, hakuna mwenye homa wala kuhara. La tatu, dalili zinapungua wagonjwa wanapopata hewa safi. La nne, kulikuwa na moto ndani. Swali moja fupi, «Je, mlilala na jiko ndani?», lina thamani kuliko kipimo chochote kilichopo zahanati hapo.

Asilimia 98 isimpumbaze mtumishi. Oksimita ya kawaida haiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyoshikwa na kaboni monoksidi. Zote mbili huzisoma kama damu yenye oksijeni. Namba yaweza kuwa nzuri huku ubongo wa mtoto ukikosa hewa. Rangi nyekundu ya ngozi inayotajwa vitabuni nayo huonekana kwa nadra, na kutokuwepo kwake hakuondoi ugonjwa.

Tiba na rufaa

Anayeokoa aanze kwa kujilinda: afungue milango na madirisha, awatoe wote nje, wala asikae ndani kutafuta chanzo. Jiko litolewe baada ya watu kutoka.

Kituoni, mgonjwa apewe oksijeni nyingi iwezekanavyo kwa barakoa inayofunika pua na mdomo, ikiwezekana yenye mfuko wa akiba. Sababu yake ni rahisi kuieleza kwa wazazi: mtu anayepumua hewa ya kawaida huhitaji saa 4 hadi 6 ili nusu ya sumu iondoke katika damu, kwa oksijeni nyingi, muda huo hushuka hadi saa 1 au 1 na nusu. Oksijeni isikatishwe kwa kuwa oksimita inasoma vizuri. Iendelee mpaka dalili ziishe na kwa saa kadhaa, kwa uamuzi wa daktari.

Sukari ya damu ipimwe kwa kila mtoto aliyelegea, na degedege litibiwe kwa mwongozo wa kawaida. Mtoto aliyepoteza fahamu hata kwa muda mfupi, aliyepata degedege, au ambaye hajarudia hali yake, apewe rufaa akiwa anaendelea kupata oksijeni, kwenda hospitali yenye uwezo zaidi, kama Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa. Watu wote waliolala chumba hicho wapimwe, na mjamzito apewe uangalizi wa pekee kwa kuwa mtoto aliye tumboni huathirika kuliko mama. Wazazi waelezwe pia kwamba matatizo ya kumbukumbu, tabia au mwendo yaweza kujitokeza siku au wiki kadhaa baadaye. Yakionekana, mgonjwa arudishwe.

Magonjwa yanayofanana nayo

Mwinuko wa mita 2,500 na zaidi waweza wenyewe kumfanya mtoto aliyezoea tambarare akatae chakula, alie na kutapika. Hali hiyo haiponi kwa kutoka nje ya chumba tu. Hupungua kwa kupumzika au kuteremka. Mtoto mwenye dalili hizo asipandishwe juu zaidi.

Malaria huhitaji tahadhari ya namna nyingine. Mikoa ya Iringa na Njombe ni miongoni mwa ile yenye malaria kidogo zaidi nchini, kwa hiyo mtoto aliyezaliwa na kukulia huko hana kinga ya kutosha. Akilala bila chandarua chenye dawa karibu na Ruaha, Usangu au ufukweni Matema kwenye Ziwa Nyasa, aweza kupata homa siku 7 hadi 14 baada ya kuumwa na mbu, wakati familia imekwisha kurudi nyumbani kwenye baridi. Kila mtoto mwenye homa aulizwe alikosafiri, na apimwe siku hiyohiyo.

Nimonia hutambulika kwa kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika 1 kamili: pumzi 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5 ni nyingi. Anayehara apewe ORS kila baada ya choo, mililita 50 hadi 100 akiwa chini ya miaka 2 na mililita 100 hadi 200 akiwa na miaka 2 au zaidi, pamoja na vidonge vya zinki vya miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14.

Mzazi asisubiri mapambazuko iwapo mtoto hawezi kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea au haamki, au anapumua kwa shida.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Wazazi wafahamu zahanati iliyo karibu zaidi na malazi, na usafiri utakaopatikana usiku. Wabebe kadi ya kliniki ya mtoto, pakiti za ORS, kipimajoto, chandarua na dawa ambazo mtoto amekwisha kuandikiwa. Wakifika, wakague chumba kwa kimo cha mtoto: mafuta ya taa yaliyotiwa katika chupa ya soda, ndoo za maji, ngazi zisizo na kizuizi na sumu ya panya viondolewe. Mwenyeji akileta jiko la mkaa kwa ukarimu, ashukuriwe, jiko libaki nje, na aombwe blanketi la ziada.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini makaa mekundu yasiyo na moshi yaweza kuwa hatari kuliko kuni zinazofuka?
2. Katika mfano wa Kitulo, ni taarifa gani zinazoonyesha kwamba mtoto hana ugonjwa wa tumbo wa kawaida?
3. Oksimita ikisoma asilimia 98 kwa mtoto aliyelala chumba chenye jiko la mkaa, mtumishi wa afya afanye nini, na kwa sababu gani?
4. Mtoto wa Njombe amepata homa siku 10 baada ya kutoka Matema. Ni kipimo gani kifanyike kwanza?
5. Taja njia tatu za kumtia mtoto joto usiku bila moto chumbani, kisha mweleze jirani mmoja unayejua kwamba hulala na jiko ndani.