Kazi ya Kwanza: Somo kwa Vijana Waliomaliza Masomo, na kwa Wazazi Wao

Kila mwaka vijana wetu hutoka mashuleni na vyuoni, nao hutujia wakiomba tuandikwe kuwa wadhamini katika barua zao za kutafuta kazi. Twakubali kwa furaha. Lakini tukimwuliza kijana sababu ya kuitaka kazi ile, mara nyingi hutuambia kwamba mshahara wake ni mzuri, au kwamba ni kazi ya ofisini. Wengine husema wataka kazi yo yote. Hao hatuwalaumu, maana tumbo halingoji, na mwenye nafasi moja tu hana la kuchagua. Somo hili ni la yule aliyepata nafasi mbili, au aliye na moja mkononi naye angali akitazamia nyingine. Twataka apime kwanza mambo atakayofundishwa katika kazi hiyo, na baada ya hayo ndipo apime mshahara.

Mfano tunao katika nchi yetu. Mwaka 1945 Julius Nyerere alimaliza masomo ya ualimu huko Makerere. Shule mbili za Tabora zilimtaka: shule ya serikali, ambako mwenyewe alikuwa amesoma, na St. Mary's, shule ya mapadre. Mshahara wa St. Mary's ulikuwa mdogo kuliko ule wa serikali, naye akaenda St. Mary's. Alifundisha Biolojia na Kiingereza hata mwaka 1949, alipokwenda kusoma Edinburgh. Hatusemi kwamba kila apokeaye mshahara mdogo atakuwa Rais. Hayo ni maneno ya kuwadanganya watoto. Twasema tu kwamba fedha kwake ilikuwa jambo moja kati ya mengi ya kupimwa. Tena lile jina la Mwalimu, aliloitwa hata kufa kwake mwaka 1999, lilitoka katika kazi hiyo ya ualimu.

Basi kufundishwa ni nini? Tumtazame kijana aliyesoma uhasibu. Kampuni kubwa ya mjini yamtaka, lakini kazi yake itakuwa kupiga mihuri na kupanga majalada. Chama cha ushirika cha wilayani nacho chamtaka, na huko ataandika daftari la fedha, atakwenda benki, atafunga hesabu za mwaka, na mkaguzi ajapo atasimama mbele yake na kujibu. Baada ya miaka miwili wa pili ana kazi mikononi mwake, na wa kwanza ana kitambulisho cha kuvaa shingoni. Lakini tusikosee kudhani kwamba mahali padogo pana mafundisho daima. Ziko karakana ambazo mwenyewe hajui, wala hapendi kuulizwa, na kijana hushinda akiosha magari tu. Kwa hiyo sharti aulize: Ni nani atakayekuwa juu yangu? Amekwisha kuwafundisha wangapi, nao wako wapi sasa? Tena asiwaulize walio kazini peke yao. Awatafute waliokwisha kutoka, maana hao husema wazi.

Kuhusu mshahara, wengi huusikia kwa masikio wala hawaupigi hesabu. Tuseme kijana ameahidiwa shilingi 500,000 kwa mwezi huko Dar es Salaam. Mfuko wa NSSF humkata asilimia 10, yaani 50,000. Kodi ya mapato hutozwa asilimia 8 ya zile zinazozidi 270,000 baada ya kutoa fungu la NSSF, nayo ni 14,400. Kama alisoma kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo huchukua asilimia 15 ya mshahara, yaani 75,000. Zimebaki 360,600. Tuseme chumba ni 80,000, nauli ni 3,000 kila siku kwa siku 22, na chakula ni 7,000 kila siku. Mwisho wa mwezi amebakiwa na shilingi 4,600, wala hajanunua sabuni. Mwenzake aliyekubali 350,000 karibu na nyumbani, naye ana mkopo vilevile, hupokea 258,900. Akikaa kwa shangazi yake na kumpa 100,000 za chakula, na kwenda kazini kwa miguu, amebakiwa na 158,900. Ninyi wazazi, hasa akina baba mliokwisha kuwatangazia majirani kwamba mtoto anakwenda mjini, ketini naye mfanye hesabu hiyo kabla hajafunga mzigo.

Wako tena wanaongojea serikali. Zamani mwalimu alipomaliza chuo alipangiwa shule. Siku hizi hupeleka maombi na kuitwa kwenye usaili pamoja na watu wengi sana. Kuomba ni vema. Lakini kungojea miaka mitatu bila kushika chaki ni hasara, maana ufundi usiotumiwa hupotea, na wasaili huutambua upotevu huo upesi. Aombe huku akifundisha mahali po pote, hata kama ni shule ndogo.

Akiisha kuchagua, atake maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yamtaka mwajiri aeleze kwa maandishi kazi, mahali, saa na ujira. Saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, na likizo ya mwaka ni siku 28. Ajue pia kwamba asiyetimiza miezi sita kazini hana kinga ya sheria hiyo juu ya kuachishwa bila haki. Kwa hiyo miezi ile asikope fedha kwa kutegemea mshahara. Na mtu akimwambia atoe fedha kwanza ndipo apewe kazi, aondoke hapo bila kuaga.

Siku ya kuiacha kazi hiyo kwa ajili ya nyingine itafika. Anayelipwa kwa mwezi atoe taarifa ya maandishi siku 28 mbele, amkabidhi mwenzake funguo na vitabu, na aombe cheti cha utumishi kabla ya kutoka mlangoni.