Somo: Kupanda Waridi la Jangwani kwa Vipande

Ule mti mfupi wa shina nene na maua ya waridi, wenye hoteli na nyumba za wageni Malindi na Watamu huupenda. Basi wengine wetu hukimbilia porini kung'oa. Tusifanye hivyo. Shina lile limechukua miaka mingi, nao msitu wa Arabuko-Sokoke unalindwa kisheria. Tukate matawi ya miti iliyoko nyumbani.

1. Vaa glavu. Utomvu wake ni sumu; wawindaji wa kale waliupaka mishale. Weka mbali watoto na mbuzi, kisha nawa kwa sabuni.

2. Kata tawi la urefu wa shibiri moja kwa kisu kikali, safi.

3. Lianike kivulini siku 5 hadi 7, kidonda kikauke. Hapa ndipo wengi hukosea: hupanda siku ile ile, likaoza.

4. Panda kwenye kopo lililotobolewa chini. Tia mchanga wa mtoni sehemu 2, mbolea iliyooza sehemu 1. Mchanga wa baharini una chumvi, usitumie.

5. Mwagilia udongo ukikauka tu. Masika, weka chini ya paa.

6. Kila ukihamisha kopo, inua mizizi kidogo juu ya udongo. Mti utaonekana mzee.

Lakini tuseme kweli: mti wa kipande hautoi shina nene kama wa mbegu. Mnunuzi aambiwe.

Ya kujadili: Nani ana mti nyumbani? Pesa za mauzo atatunza nani?