Hattie McDaniel na Uhai wa Mhusika Bapa

Katika uhakiki wa tamthilia na filamu, mhusika msaidizi hutengewa nafasi finyu. Aghalabu mhakiki humwita mhusika bapa, akasema ametumiwa kuwajenga wahusika wakuu au kuibua kicheko, kisha akamwacha. Makala haya yanashikilia kwamba tathmini hiyo hutosha pale tu panaposomwa mswada. Mwigizaji aingiapo, mambo hubadilika. Sanaa ya Hattie McDaniel, Mmarekani mweusi, inalidhihirisha jambo hili pamoja na mipaka yake.

McDaniel alizaliwa Wichita, jimboni Kansas, mwaka wa 1893. Wazazi wake walikuwa wamewahi kuwa watumwa. Aliimba na kuchekesha jukwaani na redioni kabla ya kufika Hollywood mwanzoni mwa miaka ya 1930. Huko mwanamke mweusi alitengewa takribani nafasi moja: mtumishi wa nyumbani. Katika filamu zake nyingi, jina lake halikuorodheshwa hata miongoni mwa waigizaji.

Tuitazame Alice Adams (1935), iliyoongozwa na George Stevens. Familia isiyo na uwezo inamkodi mtumishi, Malena, kwa usiku mmoja ili kumhadaa mgeni kwamba nyumba hiyo ni ya watu wa tabaka la juu. Joto ni kali, nacho chakula ni kizito na cha moto. Malena hana maneno mengi. Ucheshi wote umo mwilini: anatafuna chingamu, anatembea kwa mwendo wake mwenyewe, kofia yake ya kazi inamteleza kichwani. Kila anapoingia na sahani, uwongo wa wenye nyumba unazidi kuanikwa. Kwenye mswada Malena ni kijakazi mzembe. Kwenye skrini ndiye mtu pekee mezani pale asiyejisingizia chochote. Kejeli inawaangukia waajiri wake.

Katika Gone with the Wind (1939) mhusika wake hana hata jina lake mwenyewe; anaitwa Mammy, yaani yaya. Hata hivyo, ndiye anayemkaripia Scarlett na kumshurutisha ale kabla ya kwenda karamuni. Baadaye anapanda ngazi pamoja na Melanie akimsimulia maafa yaliyoifika nyumba ile, na mchekeshaji yule yule anageuka kuwa sauti ya msiba. Tarehe 29 Februari 1940 alitunukiwa Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, Mmarekani mweusi wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Usiku huo aliketishwa kwenye meza ya kando, mbali na waigizaji wenzake wazungu. Uzinduzi wa filamu hiyo mjini Atlanta, Desemba 1939, hakuuhudhuria kwa sababu ya ubaguzi wa rangi uliokuwapo huko.

Walter White, kiongozi wa chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, NAACP, alizikosoa vikali nafasi za aina hii. Hoja yake ni nzito. Kiswahili hutofautisha kumcheka mtu na kucheka naye, lakini mwigizaji hana uwezo wa kumchagulia mtazamaji mojawapo. Mtazamaji aliyeingia ukumbini akiamini kwamba weusi ni wazembe angeweza kumtazama Malena na kutoka akiwa na imani ile ile. Hata hivyo, lawama ya kwanza iliwastahili wenye studio, ambao ndio walioandika na kulipia nafasi hizo.

Mfano wa Beulah unachoma zaidi. Mtumishi huyu wa kipindi cha redio, mwanamke mweusi, hapo awali aliigizwa kwa sauti na wanaume wazungu! McDaniel aliichukua nafasi hiyo mwaka wa 1947. Kipindi kilipokuwa kimehamia pia kwenye televisheni, alirekodi sehemu chache mwaka wa 1951 kabla ya maradhi kumzuia, na nafasi yake ikachukuliwa na Louise Beavers. Alifariki Oktoba 1952.

Mwanamke mweusi wa pili kupata Oscar ya uigizaji alikuwa Whoopi Goldberg, mwaka wa 1991, kwa filamu ya Ghost. Naye pia alikuwa mwigizaji msaidizi, tena katika nafasi ya kuchekesha.