Darubini Isiyotumia Lenzi: Uundaji wa Istilahi za Astronomia ya Gama katika Kiswahili

1.0 Utangulizi

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Setilaiti ya pili katika mfululizo huo, SAS-2, ilirushwa hapo hapo tarehe 15 Novemba 1972. Hiyo ilibeba darubini ya mionzi ya gama na kufanya kazi hadi Juni 1973, lakini haikupewa jina la Kiswahili. Makala hii inajadili namna lugha iliyotoa jina inavyoweza kutoa pia istilahi.

2.0 Tatizo la Neno Darubini

Neno darubini lina asili ya Kiajemi, likiunganisha dhana za "mbali" na "kuona". Lakini mionzi ya gama haikusanywi kwa lenzi, nayo angahewa huizuia isifike ardhini. Ndiyo maana chombo hupelekwa angani. Ndani ya SAS-2, mwonzi ulipogonga bamba la metali uligeuka kuwa elektroni na positroni, na njia za chembe hizo ndizo zilizorekodiwa. Kilichoonekana ni alama ya mwonzi, si mwonzi wenyewe.

Je, neno darubini liachwe? Hoja hiyo haina mashiko, kwani maana ya neno haifungwi na asili yake. Kalamu ilikuwa tete la kuandikia. Leo ni ya plastiki na bado ni kalamu.

3.0 Pendekezo

Inapendekezwa kwamba chombo kizima kiitwe darubini ya gama, na sehemu inayopokea mionzi iitwe kinasagama, kwa kufuata kielelezo cha kinasasauti. Kitenzi nasa kinafahamika vyema Nyamisati, bandari ya delta ya Rufiji, ambako samaki na kamba hunasa wavuni kabla ya mvuvi kuwaona. Mwanafunzi wa huko husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha hukutana na fizikia ya sekondari kwa Kiingereza. Istilahi angavu humwezesha kuvuka na maarifa aliyokwisha kuyapata.

4.0 Hitimisho

SAS-2 iligundua chanzo cha gama katika kundinyota la Mapacha, ambacho baadaye kiliitwa Geminga. Jina hilo huunganisha Gemini na gama, na katika lahaja ya Milano lina maana ya "haipo", kwa kuwa chanzo hicho kilikuwa hakijaonekana kwa darubini nyingine. Mwaka 1992 mapigo yake ya eksirei yalithibitisha kuwa ni nyota ya nyutroni. Lahaja ya mji mmoja imeingia katika sayansi ya dunia kwa sababu wachunguzi waliitumia kazini. Kwa hiyo, istilahi zilizopendekezwa zijaribiwe kwanza madarasani, kisha ziwasilishwe BAKITA zisanifishwe.