Dondoo muhimu: Mfuko wa klabu ya vijana

Bonanza la Kasulu au Kibondo lifanyike kiangazi, Juni hadi Agosti, maharage yakishauzwa na watu wakiwa na hela mkononi. Mechi iwe bure. Pesa iko kwenye mihogo ya kukaanga, karanga na maji. Mwenye daftari akae hapohapo mezani, aandike kila shilingi watu wakimwona. Faida inunue mizinga ya nyuki kabla ya jezi (najua, jezi zinavutia zaidi).

Mbali na bonanza, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kati ya hizo ni ya vijana. Mwendeeni ofisa maendeleo ya jamii wa kata mkiwa na katiba, mihtasari ya vikao na akaunti ya kikundi.