Punje Zisivunjike

Mwaka 2016 mgodi wa Namoya, Salamabila, uliingia katika uzalishaji kamili wa dhahabu kwa njia ya lundo: mawe yaliyopondwa hurundikwa, kisha maji ya sianidi hudondoshwa juu yake. Mawe yenye udongo na unga mwingi huzungushwa kwanza ndani ya pipa kubwa pamoja na simenti na maji, ili unga ushikamane uwe punje, mfano wa punje za mbolea zitokazo kiwandani.

Punje zikivunjika, hasara si ya dhahabu tu. Unga huziba njia za maji, maji ya sumu hutuama juu kama dimbwi, na ukingo wa lundo waweza kuporomokea watu walio chini.

Punje mbichi ni kama tofali lisilokauka. Usiiangushe kutoka juu. Teremsha ncha ya mkanda karibu na lundo. Gari lisipite juu yake. Simenti ishike kwanza, ndipo maji yafunguliwe, tena yadondoke polepole. Mvua ya Maniema ikipiga lundo jipya, ni nyundo tupu.

Na wanaopunguza simenti ili kuokoa mifuko wajue: simenti na chokaa ndizo huweka pH ya maji juu ya 10. Ikishuka, gesi ya sianidi huzidi kutoka. Husemwa inanuka lozi chungu, lakini wako watu wasioisikia kabisa harufu hiyo.

Ukiona dimbwi juu ya lundo, usipande kulitazama. Mwite mkuu wa zamu, maji ya sehemu ile yafungwe kwanza.